Kirotshe: Kidonda Kidogo na Land Rover ya Zamani

Mwezi huu nataka niwapeleke Kirotshe.

Ukitoka Goma kwenda upande wa magharibi, unapita juu ya mawe meusi ya volkeno mpaka karibu na Sake. Moto wa Nyamulagira ulioanza mwaka wa 1938 ulishuka mpaka ziwani, na kidogo tu ungefunga kabisa hori ya Kabuno. Sake ni njiapanda. Njia moja inapanda milima kwenda Masisi na Walikale, kule kwa machimbo. Njia nyingine inafuata Ziwa Kivu kwenda Minova na Bukavu. Kirotshe iko kwa hii ya pili, katika nchi ya Wahunde. Upande mmoja ni maji, upande mwingine ni vilima vyenye migomba. Asubuhi wamama wanauza sambaza, samaki wale wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Vijana nao wanapita na chukudu zao za mbao, zimejaa makala na ndizi.

Mwaka wa 2018 nilikuwa pale kwa semina ya vijana. Njia ilikuwa udongo mtupu, na mvua ikinyesha, ni gari nguvu tu zilipita. Ndugu mmoja wa kanisa alikuwa na Land Rover Series III, ile aina iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985. Mwili wake ni wa aliminyumu, hauli kutu. Lakini chasi ni ya chuma, na bulon za resori zinashikwa na kutu mpaka zinakuwa kama zimezaliwa pamoja na chuma. Tulikuwa watatu chini ya ile gari: fundi, kijana wake, na mimi. Bulon ilikataa, kisha ikaachia ghafula. Kle ikaruka, na kiganja changu cha kuume kikapiga ukingo wa chuma.

Kilikuwa kidonda kidogo, kama sentimetre 4. Katika hospitali munganga alikiosha kwa maji mengi na sabuni, muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Akakishona nyuzi nne, akanipiga chanjo ya tetanosi, ndiyo pepopunda. Akasema: "Pasta, huu mukono ukae juu, na usiuweke mu mafuta ya gari mpaka nitoe nyuzi."

Nilimuuliza sababu ya chanjo kwa kidonda kidogo vile. Alinieleza kwamba vijidudu vya tetanosi vinakaa ndani ya udongo na mavi ya wanyama, na Masisi ni nchi ya ng'ombe. Ugonjwa unaweza kutokea baada ya siku 3 mpaka 21, wakati kidonda chenyewe pengine kimekwisha kufunga. Taya linakaza, mwili unakauka kama mti, na wengi wanakufa. Si ukubwa wa kidonda unaoleta tetanosi, ni uchafu ulioingia.

Nikakaa siku kumi. Mama mwenye nyumba alinikatia chakula, na mtoto wake akanifungia vifungo vya shati. Mtu aliyezoea kutumika anaona haya kuhudumiwa hivyo. Kila asubuhi niliketi mbele ya nyumba, nikiangalia mitumbwi ikirudi na ile Land Rover ikisimama juu ya mawe. Fundi aliendelea pole pole, kijana akimpa kle moja moja.

Siku ya nne akapita mchimbaji mmoja aliyetoka Rubaya. Jiwe lilikuwa limemponda kidole. Alikuwa amekifunga na kitambaa kilicholoweshwa mazuti, na mkono umevimba mpaka kwa kiwiko. Nilimwambia aende hospitali na apumzike. Akanijibu: "Pasta, nikikaa, batoto bangu batakula nini?"

Neno hili lilinichoma kuliko ile kle. Mikono yetu miwili iliumia karibu sawasawa. Tofauti ilikuwa moja tu: mimi nilikuwa na watu wa kubeba siku zangu za kupona, yeye hapana.

Mara nyingi tunahubiri juu ya Msamaria wa Luka 10. Tunasifu mafuta na divai aliyomimina. Lakini tunasahau kwamba alimpeleka yule mtu katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Alijua kufunga kidonda ni kazi ya saa moja, kupona ni kazi ya siku nyingi. Alilipa na zile siku.

Jioni ile niliongea na mashemasi. Wamama wakakusanya maharagwe, ndizi na unga kwa nyumba ya yule mchimbaji kwa juma mbili. Akakubali kwenda. Munganga alikifungua kidole, akatoa usaha, na kidole kikabaki. Mimi nyuzi zilitolewa siku ya kumi. Hata hivyo niliambiwa nisivute vitu vizito, kwa maana ngozi iliyofunga bado ni dhaifu. Hata kisha miezi mitatu haijarudisha nguvu yote.

Mwaka wa 2024 na 2025 vita vilifika Sake na njia hii ya ziwa, na watu wengi sana wakakimbia. Wakati wa kukimbia vidonda ni vingi na munganga yuko mbali. Kwa hiyo, vijana wa garaji na wa machimbo, shikeni haya. Kandamizeni kidonda na kitambaa safi mpaka damu isimame. Osheni kwa maji safi na sabuni. Msitie mazuti, esansi, majivu wala mavi ya ng'ombe. Ulizeni chanjo. Mkiona wekundu unaenea, uvimbe, usaha au homa, msingoje kesho.

Na ninyi makanisa, wekeni sanduku dogo kwa ajili ya siku za kupona za wafanyakazi wa kutwa. Zungumzeni nyumbani jioni hii: katika mtaa wetu, ni nani anafanya kazi na kidonda kwa sababu hakuna wa kumlipia dinari mbili?