Tundu

Nilikuwa na miaka 22, mwaka wa tatu chuoni, kijiko kiliponidondoka. Nikakiokota kwa mkono wa kulia, kikadondoka tena. Nikataka kumwambia mwenzangu wa chumba anisaidie, lakini maneno yalitoka mazito kama uji. Akacheka. "Wee, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

Akanilaza ili pombe iishe. Sikuwa nimeonja hata tone.

Jioni mdomo ulikuwa umeenda upande, ndipo tukaita teksi. Hospitalini nako swali likawa lile lile: bangi? miraa? vidonge? Hakuna aliyetaja kiharusi mpaka picha ya kichwa ilipotoka. Si kiharusi ni cha mababu? Kijijini, shangazi alisema nimerogwa.

Wiki kadhaa baadaye daktari wa moyo alinidunga maji ya chumvi yaliyotikiswa yakajaa viputo, tukatazama kwenye skrini. Viputo vikaingia upande wa kulia wa moyo, kisha vichache vikapenya hadi kushoto. "Unaona? Una tundu."

Kumbe sote tulikuwa nalo tumboni mwa mama. Huko mtoto hapumui, kwa hivyo damu hupita hapo bila kuzunguka mapafuni. Ukishazaliwa, tundu hujifunga. Kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne halijifungi, na wengi huzeeka nalo bila hata kujua. Langu lilipitisha donge la damu, huenda kutoka mguuni. Badala ya kunaswa na mapafu, likapanda ubongoni.

Chuo sikurudi. Maneno yalinirudia polepole, na karo haikuningoja. Siku hizi naandika, nalipwa kwa makala, nachapa zaidi kwa mkono wa kushoto. Tundu linaweza kuzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa kinenani, lakini pesa zake bado nachanga. Kwa sasa nameza aspirini kila siku.

Mwenzangu simlaumu. Hata mimi nilidhani nimelalia mkono vibaya. Ila kuna dawa ya kuyeyusha donge, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Saa zangu nilizilala.

Kwa hivyo ukimwona rafiki yako mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanamtoka ovyo, usimuulize amekunywa nini. Mkimbize hospitali. Mtacheka baadaye, nyote wawili.