Takwa au Siyu

Huenda nawe umewahi kufika Lamu ukiwa na siku moja tu ya kutembea. Sisi tulikuwa na watoto wanne na mama yangu mzazi, na gatini ziko mashua mbili: moja ya Takwa, moja ya Siyu.

Takwa i karibu, kisiwani Manda. Maji yakijaa, mashua hupenya baina ya mikoko mpaka karibu na magofu. Upo msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 Hijria, ambako watu wa Shela huenda kuomba mvua. Siyu iko kisiwa cha Pate, mbali. Huko ipo ngome, na ndiko ilikonakiliwa misahafu mingi kwa mkono. Lakini ukikosea maji, utalala huko.

Nikawauliza watoto, wakasema Takwa. Mama sikumwuliza, na hali nikijua bibi yake alizaliwa Siyu. Nilihesabu saa za mashua, sikuhesabu umri wake.

Takwa ilitupendeza, siwezi kukana. Mama alikaa kivulini akisoma Fatiha. Jioni gatini nikamsikia akimwuliza nahodha wa Siyu kama washona viatu wangaliko.

"Wapo, bi mkubwa."

Akacheka.

Mwaka wa pili yake alitangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siyu nilikwenda baadaye, peke yangu. Nikanunua makubadhi ya kike, kwa kipimo cha mguu wake.