Barua kutoka Kabambare: uliza mvua kwanza

Ndugu yangu,

Nimefika Kabambare, mashariki mwa Kongo, jana jioni, mzima wa afya, suruali nyekundu kwa udongo mpaka magotini. Kutoka Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki. Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu Nairobi, na haikunifaa kitu.

Pale Kasongo, baada ya chai, nilimuuliza kijana wa pikipiki tutatumia saa ngapi. Hakunijibu. Aliwageukia kwanza wenzake waliotoka upande huu, akawauliza mvua imenyesha wapi. Ndipo akaniambia: "Mzee, kwenye mchanga tutakimbia. Kwenye potopoto utashuka, utatembea." Akapunguza upepo kwenye tairi la nyuma. Nikamtajia mwenzake mmoja ambaye sokoni wanamsifia kwa mwendo. Akakubali kuwa ni kweli, ila pikipiki ya yule ni nzito: "Kiangazi ni yake. Mvua ni yangu."

Hapo nikakukumbuka wewe na daftari lako la mbio za farasi za Ngong.

Huku farasi huwaoni. Hii ni nchi ya mbung'o, na ugonjwa anaoueneza huua farasi. Misafara ya karne ya 19, iliyokileta Kiswahili hiki tunachosikilizana nacho sokoni, ilikuja kwa miguu. Livingstone aliiita Kabambare "Bambarre", na mwaka 1870 alikaa hapa wiki nyingi hawezi kutembea kwa vidonda vya miguu. Jana nilipokuwa nikivuta kiatu kutoka kwenye tope nilimwonea huruma kweli.

Sasa nisikilize kuhusu daftari hilo. Katika mbio za mizigo, mpanga uzito hutazama farasi alivyokimbia nyuma, kisha humtwika aliye bora uzito mkubwa zaidi, ili wote wawe na nafasi. Kazi yake yote inasimama juu ya rekodi. Lakini rekodi ya wapi? Ngong wanakimbia kwenye nyasi, kwa hiyo tumezoea kudhani farasi ana kipimo kimoja. Uingereza, tangu Lingfield na Southwell zilipoanza mbio kwenye viwanja vya kutengenezwa mwaka 1989, farasi mmoja anaweza kuwa na vipimo viwili: cha nyasi, na cha kiwanja bandia. Naona wamefanya haki.

Viwanja hivyo ni mchanga uliochanganywa na nyuzi, na vingi hupakwa nta. Maji hupenya chini, kwa hiyo mvua haivigeuzi matope. Mchanga haumrukii sana usoni farasi aliye nyuma, naye hubaki na moyo wa kufukuza. Mara nyingi mbio huamuliwa mwishoni, na farasi wa nyasi huviweza kuliko wale waliozoea udongo wa Marekani. Umkumbuke farasi Curlin. Machi 2008 alishinda Kombe la Dunia la Dubai pale Nad Al Sheba, kwenye udongo. Oktoba mwaka huohuo, Santa Anita, California, akakimbia kwenye kiwanja bandia, akawa wa nne. Aliyeshinda ni Raven's Pass kutoka Uingereza, aliyejijengea jina kwenye nyasi. Wa pili, Henrythenavigator, naye wa nyasi. Aliyesoma ushindi wa Curlin bila kusoma ardhi yake alipotea.

Tena viwanja bandia vyenyewe havifanani. Kile cha zamani cha Southwell kilikuwa kizito, kinachosha, na kilikuwa na mabingwa wake ambao kwingine hawakutamba. Mwaka 2021 kikang'olewa, ikawekwa Tapeta, aina nyingine ya kiwanja bandia, na rekodi za mabingwa wale zikapoteza thamani. Meydan ya Dubai ilifunguliwa 2010 kwa Tapeta hiyohiyo. Kufikia Kombe la 2015 walikuwa wamerudi kwenye udongo. Kwa hiyo ukilinganisha mshindi wa 2013 na wa 2015 pale, unalinganisha viwanja viwili tofauti. Mimi nasikitika kwamba kile bandia kiliachwa, maana takwimu za Marekani zimeonyesha kuwa farasi wachache zaidi hufia kwenye viwanja bandia kuliko kwenye udongo, na hilo kwangu ni kubwa kuliko usumbufu wa wapiga hesabu.

Tulifika jua likizama. Nilitembea mara tatu kwenye potopoto, palepale alipokuwa amesema. Wenyeji wametupa bukari na sombe, na kijana amekwisha kuulizia mvua ya kesho.

Daftari lako lina uzito, nafasi na jina la mpanda farasi. Halina ardhi. Nakuomba, kabla sijarudi, chora safu moja zaidi, ukaandike kila mbio zilikimbiwa juu ya nini, na kama usiku wake mvua ilinyesha.

Nduguyo