Januari sote tulitaka Udoka afukuzwe. Hata mimi

Wasee, juzi nilikuwa nasafisha akaunti yangu ya zamani, ile niliyofungua nikiwa bado chuo, nikakutana na posti moja nikaona aibu peke yangu kitandani. Tarehe 7 Januari 2022, asubuhi na mapema: "Huyu Udoka arudi tu kuwa msaidizi. Kazi ya kocha mkuu imemshinda." Laiki tatu, na moja ni ya binamu yangu.

Miezi mitano baadaye hiyo timu ilikuwa kwenye fainali ya NBA, na mimi huyo huyo nilikuwa nimevaa kijani nikiambia watu vile nilimwamini Udoka tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza. Mtandao hausahau, lakini watu wa mtandao tunasahau haraka sana.

Kama hukuwa unafuatilia, iko hivi. Boston Celtics walimpa Ime Udoka timu mwezi wa sita 2021. Baba yake Mnigeria, na yeye mwenyewe aliwahi kuchezea Nigeria. Alikuwa amekaa miaka saba San Antonio akiwa msaidizi wa Gregg Popovich, akaenda Philadelphia, kisha Brooklyn. Ukocha mkuu hakuwa ameufanya popote. Aliyemwachia kiti, Brad Stevens, hakuwa amefukuzwa. Alikuwa amepandishwa cheo, kwa hivyo sasa ndiye bosi wa Udoka. Halafu siku ya kutambulishwa, mbele ya waandishi wa habari, Udoka anamwambia bosi wake, na hapa natumia maneno yangu: samahani Brad, lakini msimu uliopita tulikuwa nambari 27 kwa pasi za kufungisha.

Ligi yenyewe ina timu 30.

Hiyo video niliipenda manze. Niliitazama nikicheka, nikatuma kwa kila mtu. Ni rahisi kupenda ukweli ukiambiwa mtu mwingine.

Maana wakati huo mimi nilikuwa nachezea timu ya wasichana ya chuo, pointi gadi. Sawa, nilijiita pointi gadi. Nilikuwa na krosova safi na mkono wa kushoto wa kuaminika, na mpira ukinifikia ulikuwa umefika mwisho wa safari. Mwezi wa kumi na moja tulipoteza mechi ambayo tulikuwa tumeishika kabisa, kocha akatuketisha kando ya uwanja, akanigeukia mbele ya wote: "Wewe, hawa wenzako wanne umewahi kuwaona?" Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki iliyofuata sikuenda mazoezi, na ile nyingine pia, hivyo hivyo mpaka ikawa nimeacha. Niliambia watu ni masomo. Waliosoma na mimi wakiona hapo watacheka tena.

Sasa mwezi huo huo huko Boston, tarehe 1, Celtics wanaongoza Chicago Bulls kwa pointi 19 katika robo ya tatu, nyumbani kwao. Robo ya nne wanafungwa 39 kwa 11. Mechi inaisha 128-114. Marcus Smart anaenda mbele ya maikrofoni na kusema kitu ambacho wachezaji hawasemi: kila timu inajua mpira utaenda kwa Jayson Tatum na Jaylen Brown, wanajipanga kuwazuia, na hao wawili hawataki kutoa pasi. Ni kitu watajifunza, akasema. Hao ndio nyota wawili wa timu, wenye mishahara na mabango. Nilisoma hiyo nikawaza, huyu Smart naye, si angewaambia kando? Nilikuwa upande wa Tatum kabisa. Mnajua ni kwa nini.

Halafu ikaja ile usiku ya Knicks. Saa tisa na nusu usiku saa zetu, niko hosteli na blanketi juu ya kichwa ili mwanga wa simu usimwamshe mwenzangu wa chumba, bando la usiku linaisha polepole. Celtics wako mbele kwa pointi 25. Pointi 25! Evan Fournier, ambaye msimu uliotangulia alikuwa mchezaji wao, anaanza kurusha na haachi, anamaliza na 41. Wamelingana, sekunde zinaisha, RJ Barrett anarusha kutoka mbali, mpira unagonga kioo na kuingia honi ikilia. 108-105. Udoka anatoka na kusema timu yake haina ugumu wa akili mambo yakiwa mabaya. Rekodi yao sasa ni kushinda 18 na kupoteza 21. Mimi naandika ile posti.

Kitu ambacho sikuona, na nadhani wengi hatukuona, ni kwamba ile timu mbovu ya Januari ilikuwa tayari inajifunza kile kilichoifanya kuwa nzuri. Wacha nieleze kidogo, maana watu hupenda kusema tu "walianza kukaba" kana kwamba mtu huamka asubuhi akaamua.

Mpinzani akija kukuwekea skrini, una njia kadhaa. Unaweza kupigana upite umfuate mtu wako, au mnabadilishana watu na mwenzako. Udoka alitaka wabadilishane karibu kila mara. Ukiisikia ni rahisi. Lakini hiyo inamaanisha mrefu wako atajikuta anakaba kijana mwepesi huko nje, na mdogo wako atajikuta chini ya kikapu na jitu. Wote watano lazima waweze kukaba mtu yeyote, na lazima waongee bila kunyamaza. Ukichelewa nusu sekunde, mtu yuko peke yake. Mwanzoni mwa msimu walichelewa sana, ndiyo maana ilikaa kama kocha amewachanganya.

Kisha kuna Robert Williams. Kwa kawaida mrefu wa timu humkaba mrefu mwenzake, kwa hivyo anavutwa kwenye kila skrini. Wao wakamweka Williams kwa mtu dhaifu zaidi wa kurusha, yule anayesimama pembeni akingoja. Al Horford ndiye akachukua kazi ngumu ya katikati. Williams akabaki huru kama askari wa geti asiye na geti. Unampita Horford, unafurahi, unaruka, halafu unakutana na mkono kutoka nyuma ambao hukuujua. Msimu ulipoisha walikuwa na ulinzi bora kuliko timu yoyote kwenye ligi, na Smart akawa mlinzi bora wa mwaka, gadi wa kwanza kupata hiyo tuzo tangu Gary Payton 1996.

Badiliko lenyewe lilikuja ghafla ukiangalia matokeo. Januari 21 walifungwa na Portland wakawa 23 kwa 24. Kuanzia hapo walishinda mechi 28 na kupoteza 7. Sacramento walipigwa 128-75. Philadelphia, kwao, 135-87. Februari wakamleta Derrick White, mtu ambaye akishika mpira hata hujui alikuwa nao, tayari umeenda kwa mwingine. Wakamaliza 51-31, wa pili Mashariki.

Na sasa Pasaka. Mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Brooklyn ilichezwa Jumapili ya Pasaka alasiri kwao, kwa hivyo huku ilikuwa usiku. Nilikuwa ushago. Nyanya amelala, netiweki inapatikana tu ukisimama kando ya tangi la maji, na baridi ya huko si mchezo. Kyrie Irving ana pointi 39, Brooklyn wako mbele kwa moja. Kevin Durant anakosa, Celtics wanachukua mpira wakiwa na kama sekunde kumi na mbili. Hapo kila kocha huita mapumziko, achore kitu kwenye ubao. Udoka hakuita. Akawaacha wacheze.

Picha ikaganda. Nakwambia ukweli, iliganda Brown akiwa na mpira, na ilipofunguka watu walikuwa wanakumbatiana. 115-114.

Niliangalia marudio pale kando ya tangi labda mara ishirini. Brown anaingia, watu wanamfuata, anampa Smart. Smart anajifanya anarusha, walinzi wawili wanaruka na kumpita hewani. Mimi hapo ningerusha, wallahi ningerusha, uko huru na dunia nzima inakutazama. Smart, mtu yule yule wa Novemba, anamwona Tatum akikata kuelekea kikapu, anampa. Tatum anageuka na kuuweka mpira kwenye kioo muda ukiisha. Hao watatu ndio walikuwa wanaambiana mbele ya dunia kwamba hawapeani mpira.

Saa saba usiku, mkono mmoja kwenye tangi baridi, nikamkumbuka kocha wangu. Sikupenda kumkumbuka.

Brooklyn wakatolewa 4-0. Milwaukee wakatolewa kwa mechi saba, Miami pia saba. Fainali dhidi ya Golden State walikuwa mbele 2-1, na mechi ya nne walikuwa mbele 94-90 zikibaki dakika kama tano, nyumbani. Wakafungwa 17 kwa 3 kuanzia hapo. Stephen Curry alimaliza na 43, na usiku huo sina la kusema, kuna watu hawakabiki. Mechi ya sita ikawa ya mwisho. Tatum alimaliza mtoano akiwa amepoteza mpira mara 100, rekodi ambayo hakuna anayeitaka. Kwa hivyo hata lile somo la pasi lilikuwa limeingia nusu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa na kikombe cha strungi iliyopoa.

Natamani hadithi ingeishia hapo, lakini mkiniita shabiki lazima niseme yote. Septemba hiyo hiyo klabu ilimsimamisha Udoka msimu mzima kwa kuvunja kanuni zake. Klabu yenyewe haikufafanua, ripoti za waandishi zilisema ni uhusiano na mwanamke aliyefanya kazi pale. Sisi wa mtandaoni tukafanya nini? Watu wakaanza kubandika picha za wanawake wa klabu, huyu au yule, kubahatisha tu. Stevens alipokutana na waandishi alionekana ameumia akizungumzia vile wanawake hao walivyoburutwa bila sababu. Mimi nilikuwa na moja ya hizo picha kwenye simu, tayari kuituma na komenti ya kuchekesha. Sikuituma, lakini si kwa wema. Bando lilikuwa limeisha.

Kwa hivyo nikiulizwa kuhusu Udoka, siwezi kukupa jibu la emoji moja. Joe Mazzulla alichukua timu akiwa na miaka 34 na 2024 wakabeba kombe, wakiwa na Tatum, Brown na White. Udoka alienda Houston, timu iliyotoka kushinda mechi 22 tu, akaifikisha 41 msimu wake wa kwanza na 52 uliofuata. Ukweli anaowaambia wachezaji unafanya kazi, hilo sibishani. Kama ningekuwa mfanyakazi wa kike kwenye ofisi ile, sijui ningehesabu hizo mechi vipi.

Chuo niliacha, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Lakini baada ya kuona ile posti juzi nilitafuta namba ya kocha nikaandika: "Kocha, ni mimi, nambari 7. Ile siku ulikuwa umesema kweli." Akajibu kesho yake: "Nani huyu?" Nikaandika jina. Akasema aah, wewe, akauliza kama bado nacheza. Nikamwambia Jumamosi, uwanja wa mtaani, na vijana wadogo.

"Na unawapa mpira?"

Hiyo bado sijaijibu.