Gemu za Mikakati na za RPG: Yangu ya Moyoni

Nimepotea kidogo, madesa yamejaa mezani na tarehe za majaribio hazina huruma. Leo lakini tuyaweke pembeni tuongelee gemu. Hapa bwenini kuna ubishi usioisha. Kambi moja inasema gemu za mikakati ndizo za wenye akili, na zile za RPG, ambazo unaingia ndani ya mhusika na kumkuza pole pole, ni za watu wasio na kazi. Mimi nacheza zote, kwa hiyo acheni niseme. Atakayenuna anune.

Tuanze na Age of Empires II. Imetoka 1999 na bado watu wanaicheza, mpaka ikatengenezwa upya 2019. Lile toleo la zamani halibagui kompyuta, hata mashine iliyochoka inalibeba. Unaanza na wanakijiji 3, unatafuta chakula, mbao, dhahabu na mawe, unapita zama 4. Watu wanaisifu kwamba inafundisha kufikiri. Jamani! Dakika 10 za mwanzo ni desa tupu. Wanakijiji 6 wa kwanza kwenye kondoo, wanaofuata kwenye miti, jenga nyumba kabla idadi haijagota. Aliyelikremu anampiga asiyelikremu, basi. Kufikiri kunaanza baadaye: jamaa kaleta wapanda farasi, wewe unatoa mikuki, kabadilisha kaleta wapiga mishale, mikuki yako imegeuka kuni. Hapo desa limeisha na mtu anaonekana alivyo.

Sisemi kukariri ni upuuzi. Bila zile dakika 10 hufiki huko kwenye kufikiri. Ila aliyekariri asitutambie kwamba ana akili kuliko sisi.

Civilization VI ya 2016 naipenda zaidi kwa sababu ni ya zamu, hakuna anayekukimbiza. Na sisi tumo! Zanzibar ni mji-dola, ukiwa ndiye mlezi wake unapata karafuu na mdalasini, na watu wako wanafurahi. Tangu 2018 unaweza kujenga Kilwa Kisiwani kama moja ya maajabu ya dunia. Mara ya kwanza kuiona nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Lakini nina donge. Katika gemu hii mji-dola hauwezi kushinda. Zanzibar ipo ili wengine wapeleke wajumbe na wagombanie karafuu. Unaweza kuitawala, kuilinda, kuifanyia biashara, ila huwezi kucheza ukiwa Zanzibar. Mtu wa somo la historia lazima ashtuke hapo.

Donge la pili ni ugumu. Ukipandisha ngazi mpaka ile ya juu kabisa, kompyuta haiwi na akili zaidi. Inapewa mtaji. Wapinzani wanaanza na walowezi 3, wewe una 1. Kisha watu wanasema fulani "anacheza vizuri".

Sasa RPG. Chukueni Final Fantasy VII ya 1997. Ahadi yake ni moja: pigana, pata pointi, panda ngazi. Jini limekushinda? Rudi porini saa 2, piga wadudu wale wale, ukirudi utalishinda. Kwa kweli inachosha. Kuna wakati najiuliza nacheza au nafanya kibarua bila posho. Lakini ndiyo sababu tunazipenda. Hakuna kushuka ngazi, hakuna sapu, hakuna kudisko. Jasho lako lote linaandikwa.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kidato cha pili. Binti mmoja akaniuliza baada ya kipindi, "Mwalimu, mbona nasoma kila siku na sipandi?" Jibu la RPG lilikuwa mdomoni tayari: jitume, utafika. Halafu nikakumbuka darasani kwao kitabu kimoja kinasomwa na watu 5, na yeye jioni ana maji ya kuchota. Huyu alikuwa anacheza ile ngazi ya juu kabisa ya Civilization, na mimi nataka kumwambia akapige wadudu porini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. RPG zinajua kufundisha kuliko gemu za mikakati, maana zinakupa adui aliyekuzidi kidogo tu, ukimuweza anakuja mwingine. Waliosoma Vygotsky wanalijua hilo. Ila zinadanganya kuhusu dunia. Gemu za mikakati hazijui kufundisha, zinakutupa tu uzame, lakini angalau hazifichi kwamba wengine wameanza na walowezi 3. Na hata hapo watu wanashinda, kwa sababu hawashindani kwenye kila kitu. Wanachagua njia moja wanayoiweza na kuikaba. Yule binti tulikaa tukachagua masomo 2 ya kuanzia, tukapanga na zamu ya kitabu. Sijui kama inatosha. Najua ni zaidi ya "jitume".

Na kwa wale mnaosema RPG ni za watoto: ndani ya ile ile Final Fantasy VII, Aerith anauawa. Mpandishe ngazi mpaka mwisho, mvalishe silaha zote, atakufa tu. Gemu inayokuahidi jasho halipotei inakuchukulia mtu wako na jasho lako lote. Ndiyo maana baada ya miaka yote hii watu bado wanamtaja, na hakuna anayemtaja mwanakijiji wake wa Age of Empires.

Haya, wapinzani nawasubiri. Mje na hoja, siyo kelele, na mwenye padi ya ziada aje nayo. Kesho nina semina saa 2 asubuhi, na sijafungua hata ukurasa.