Kukata Nguo Kamembe

Watu wengi hudhani kwamba nguo nzuri ni kitambaa kizuri tu. Mimi nasema sivyo, na sababu nitawaeleza, wenzangu wa darasani na ninyi mliotutangulia katika shule hii.

Mama yangu alikuwa akiuza mitumba katika soko la Kamembe. Sisi huiita caguwa, na neno lenyewe asili yake ni Kiswahili, maana mnunuzi huinama juu ya rundo akachagua. Mwaka 2016 Serikali ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 kwa kilo hata dola 2.50. Jirani zetu wa Afrika Mashariki waliokuwa katika shauri hilo walirudi nyuma. Rwanda haikurudi, hata mwaka 2018 Marekani ilipoziondolea nguo zetu nafuu ya AGOA. Biashara ya mama ikafa. Akauza mali iliyobaki, akanunua cherehani ya kukanyaga kwa miguu, naye alikuwa hajapata kukata hata shati la mtoto. Karo yetu watoto 3 ilikuwa juu ya cherehani ile.

Fundi mmoja mzee, aliyejifunza kazi Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, alikubali kumfundisha jioni. Nami nalikwenda kushika taa na chaki.

Alianza na mstari. Alimzungushia mama kitambaa cha milia, kwanza milia ikisimama, kisha ikilala, akatuambia tufuate macho yetu yanakokwenda. Husemwa kwamba milia iliyosimama humrefusha mtu. Lakini Helmholtz, mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19, alionyesha kwamba mraba wa mistari iliyolala huonekana mrefu kuliko ule wa mistari iliyosimama! Mzee yule hakumjua Helmholtz, ila hakuamini kanuni yo yote kabla ya kumtazama mteja mwenyewe. Mstari alioupenda ni ule wa mushanana wetu, unaoshuka mshazari kutoka begani hata kiunoni. Nguo ile hupendeza kwa sababu kitambaa chake ni chepesi, huanguka chenyewe. Ukishona mushanana kwa kitenge kigumu utapata hema.

Juu ya rangi sina mengi. Rangi kali huvuta jicho. Basi iwekwe pale mtu anapotaka kutazamwa.

Kazi kubwa ni michoro ya kitenge. Vitenge vya nta viliigwa kutoka batiki za Java, na kiwanda cha Vlisco huko Helmond, Uholanzi, kilianza mwaka 1846. Kitenge cha nta cha kweli hushika rangi pande zote mbili. Vya bei rahisi vingi huchapwa upande mmoja, kwa hiyo kigeuze kabla ya kulipa. Kwa kawaida huuzwa yadi 6. Mchoro mdogo hukatwa po pote. Mchoro mkubwa hula kitambaa, kwa kuwa lazima upande wa kushoto ukutane na wa kulia.

Siku moja alikuja bibi mmoja mwenye yadi 4 za ndege wakubwa, akitaka sketi ya marinda na blauzi kwa ajili ya arusi. Mama alizitandaza mkekani, akachora kwa chaki. Marinda yangemeza mabawa, na blauzi ingebaki na ndege wasio na vichwa. Yule bibi akakasirika, akasema atakwenda kwa fundi mwingine. Nyumbani hatukuwa na kazi nyingine juma lile, nami nalimwomba mama kimoyomoyo akubali tu. Hakukubali. Alimwambia, "Dada, nguo hii watu wataiona kanisani, na jina watakalouliza ni langu." Akamwonyesha gauni moja nyofu, ndege mmoja mzima kifuani na mmoja mgongoni, na mabaki yatoshe kilemba.

Bibi akakaa kimya kitambo, akauliza bei. Baada ya arusi walikuja wanawake 2 wa kwaya yake, nao walibeba vitambaa vya maua madogo, ambavyo mama alivikata kabla ya chakula cha mchana.