Malisho ya Jaa la Dandora

Ukisimama kando ya Mto Nairobi, upande wa Korogocho, msomaji, utaliona jaa la Dandora limeinuka mfano wa kilima kifukacho moshi. Takataka za jiji zilianza kumwagwa pale katika miaka ya 1970. Juu yake korongo huchokora, na kando yao ng'ombe, nguruwe na mbuzi hula maganda ya ndizi yaliyochanganyika na majivu, makopo ya rangi na betri zilizopasuka. Hula kwa raha kama wanyama walio mbugani.

Ndani ya betri ya gari mna risasi, madini ya sumu yasiyooza. Ng'ombe huvutwa na ladha yake akailamba. Akimeza nyingi hupofuka, husaga meno, hufa. Akimeza kidogo kidogo aghalabu haonyeshi dalili, na hapo ndipo penye hila. Mwili huidhania risasi kuwa chokaa ijengayo mifupa, ukaiweka akiba. Jike achukuapo mimba au anyonyeshapo, mifupa hufungua ghala yake, na sumu iliyomezwa zamani hupita katika kondo na katika maziwa. Dume naye hasalimiki, kwani risasi hupunguza mbegu zake. Ndugu yake, kadimiamu, hujilimbika katika figo. Na mwaka 1956 wataalamu wawili wa Chekoslovakia walieleza kuwa sindano moja tu ya chumvi yake huangamiza korodani za panya.

Mama mmoja, jirani yangu, alikuwa na mbuzi aliyelishwa jaani, akatupa mimba mara mbili. Sisemi kuwa kilichomdhuru ni risasi, maana mimba hutupwa kwa maradhi mengi. Nasema kwamba hakuna aliyempima. Watoto walipimwa: mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 wa jirani na jaa, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Watoto hawakulamba betri, lakini vumbi na moshi huingia kila nyumba bila kubisha hodi.

Mbuzi yule alichinjwa siku ya sikukuu. Ini na figo, ambavyo ndivyo vibebavyo mzigo huo, vilipikwa kwanza, na kwa desturi ya heshima wakapewa wageni. Mmoja wa wageni hao nilikuwa mimi. Nilikula, nikashukuru, nikaongezwa.